Anti, wananitaka niseme mimi ni Mmarekani

Anti, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 27, mwenyeji wa Njombe. Huu ni mwaka wangu wa tatu Changsha, mkoa wa Hunan, China. Nasoma shahada ya uzamili ya uhandisi mitambo kwa ufadhili wa serikali ya hapa, na Juni namaliza. Kibali changu cha ukaazi kinaisha tarehe 15 Julai. Hapo ndipo usingizi unaponikatika.

Wakati nakuja, China niliyoijua ilikuwa Beijing, Shanghai na Guangzhou. Changsha nilianza kuisikia siku nilipopata barua ya chuo. Kumbe ni jiji la watu zaidi ya milioni kumi, wanakesha barabarani wanakula, na chakula chao pilipili tupu. Sisi wageni ni wachache. Nikipanda treni ya chini ya ardhi simu zinainuka kunipiga picha, na wapo mabibi wananishika nywele bila hodi. Mwanzoni nililia, siku hizi nacheka. Lakini pia kwa sababu ya uchache huo, nafasi zinanifuata mwenyewe.

Ya kwanza ni chekechea. Mama mmoja alinikuta kwenye foleni ya chai, akaomba WeChat yangu, na jioni ile ile akaniandikia: yuan 13,000 kwa mwezi nifundishe watoto Kiingereza asubuhi tu. Ukizidisha kwa kama shilingi 350, ni zaidi ya milioni nne na nusu! Masharti yake: niwaambie wazazi natoka Marekani, jina langu Jessica, na wakija wakaguzi nitokee mlango wa jikoni.

Ya pili ni kampuni ya mashine za ujenzi. Nilifanya mazoezi ya vitendo kwao mwaka jana, kupitia chuo. Wananitaka kitengo cha masoko ya Afrika kwa yuan 7,500. Mkataba ni wa miaka miwili, miezi sita ya kwanza ni ya majaribio, na nikiacha kabla ya muda nalipa faini ya yuan 50,000. Wanasema huko mbele wanaweza kunipeleka ofisi yao ya Dar es Salaam. Bado sijasaini.

Ya tatu ni kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, yuko Guangzhou anasafirisha mizigo ya wafanyabiashara wa Kariakoo. Kila tukiongea ananiambia, "Mdogo wangu, huko bara unatafuta nini? Pesa iko pwani."

Halafu kuna mama. Yeye anasema nirudi. Tuna ekari mbili za maparachichi, baba hayupo, na mdogo wangu anaingia chuo mwaka huu. Tena nina deni la mama mdogo la shilingi milioni tatu, alizonikopesha wakati nakuja. Hanidai kwa mdomo, ila kila simu lazima aulize, "Mwanangu, huko mambo yameshakaa sawa?"

Anti, naomba unisaidie, na nisikufiche: chekechea nimeshakwenda siku nne "kujaribu". Nililipwa yuan 1,200, nikazituma nyumbani. Watoto wananiita Ticha Jessica. Kuna mmoja ananikimbilia kila nikiingia, na ndiye anayenisuta kuliko hata polisi. Je, nimeshaharibu?

Binti wa Njombe, Changsha

* * *

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hizo siku nne, maana ndizo zilizokufanya uandike, japo umezificha mwisho wa barua.

Siku ya tano usiende. Usiende hata kuaga, hata kuchukua sweta ulilolisahau. Sheria ya China ya kuingia na kutoka nchini, inayotumika tangu tarehe 1 Julai 2013, inasema mwanafunzi wa kigeni anayefanya kazi nje ya utaratibu uliowekwa anafanya kazi kinyume cha sheria. Faini ni yuan 5,000 hadi 20,000. Kosa likionekana kubwa, unawekwa ndani siku 5 hadi 15 na faini juu yake. Wakiamua kukurudisha kwenu, unaweza kufungiwa mlango mwaka mmoja mpaka mitano. Yule mama naye ana faini yake, yuan 10,000 kwa kila mgeni aliyemwajiri hivyo, lakini yeye ni mfanyabiashara: atailipa na kesho yake atafungua geti. Wewe utakuwa uwanja wa ndege, na shahada hujaipata.

Nikisema haya sitoi vitabuni. Niliishi Wuhan miaka sita, na chumbani kwetu alikuwepo msichana aliyekuwa anafundisha kila Jumamosi. Mtaratibu, msomi, mtu wa sala. Siku polisi walipoingia, mwenye shule alimtazama usoni akasema hamjui, kwamba huyo ni mpita njia tu aliyekuja kuulizia nafasi. Kumbuka alikuwa amekula kwake sikukuu ya mwaka mpya. Ilikuwa imebaki miezi mitatu amalize. Tasnifu yake alishaichapa nakala tatu, na baada ya yeye kuondoka zilibaki kitandani zimefungwa kwa utepe mwekundu. Mimi ndiye niliyezipeleka kwa msimamizi wake. Yule mzee alizipokea kwa mikono miwili, akaziweka kabatini, hakusema neno.

Umeniuliza kama umeshaharibu. Siku nne zimeshatokea, siwezi kuzifuta. Ukija kuulizwa na mwenye mamlaka, usidanganye. Ila katika barua yako yote jambo lililonipa matumaini ni huyo mtoto anayekukimbilia. Mtu anayesutwa na mtoto wa miaka minne bado hajapotea.

Sasa tuongee kuhusu Jessica. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Miji ya bara ya China inaendesha methali hiyo kwa pesa taslimu. Siku ya kwanza na ya pili uso wako ni bidhaa. Duka likifunguliwa wanataka mgeni asimame mlangoni. Magorofa yakiuzwa wanataka mgeni apande jukwaani. Chekechea inataka mgeni kwenye picha ya tangazo. Mimi mwenyewe nilisimama siku nzima mbele ya duka la samani nimejifunga khanga, nikalipwa yuan 300 na soda. Hakuna aliyeniuliza najua nini. Na nilikuwa navunja sheria ile ile, sema sikushikwa. Wakati ule niliona ni baraka. Leo naona ilikuwa ajira ambayo ningeweza kupokonywa na mgeni yeyote aliyeshuka kwenye treni inayofuata, na kweli nilipokonywa, na Mrusi.

Bei ya uso inashuka kila mwaka, na ya Ticha Jessica ndiyo inayoshuka kuliko zote. China ilizaa watoto milioni 17.86 mwaka 2016. Mwaka 2023 walizaliwa milioni 9.02. Watoto wa chekechea watatoka wapi? Mwaka huo huo wa 2023 idadi ya chekechea nchini ilipungua kwa zaidi ya 14,000. Kabla ya hapo, Julai 2021, serikali ilibana vituo vya masomo ya ziada, vikafungwa vingi mno. Huyo mama anakupa 13,000 kwa sababu amebanwa, anatafuta uso wa kuwavuta wazazi waliobaki. Usihesabu kwamba mwakani atakuwepo.

Tukija kwenye kampuni ya mashine, hapa nitakaa sana, maana naona wewe umepaona pembamba.

Kwa kawaida mgeni anayetaka kibali cha kazi China anadaiwa shahada na uzoefu wa miaka miwili baada ya shahada. Vijana wengi wanakwamia hapo. Lakini tangu Januari 2017 upo mlango kwa watu kama wewe: mgeni aliyemaliza uzamili au zaidi katika chuo cha China anaweza kupata kibali bila ule uzoefu, mradi hajapitisha mwaka tangu amalize. Masharti yake ni machache na yameandikwa. Wastani wa alama usipungue 80 kwa mia. Usiwe na rekodi ya uhalifu. Kazi iendane na ulichosomea. Na mshahara, kimsingi, usiwe chini ya wastani wa mishahara ya mahali hapo.

Rudia kuyasoma hayo mawili ya mwisho. Kuendana na masomo: mhandisi mitambo kwenye kampuni ya mashine anaendana, mhandisi mitambo anayeimbisha watoto alfabeti haendani, hata yule mama angejitia kukutafutia karatasi. Mshahara: hizo 7,500 zinanitia shaka. Kwa jiji kama Changsha naziona ziko chini ya wastani wa mwajiriwa wa kampuni kubwa. Kwa hiyo kabla hujasaini, muulize ofisa rasilimali watu kwa upole kabisa, "Kiwango hiki kitapita kwenye maombi ya kibali changu?" Hapo hujaomba nyongeza. Umeuliza utaratibu. Mwache yeye mwenyewe aende akagundue kwamba inabidi aongeze. Wachina wengi niliofanya nao kazi wanaheshimu sana mtu anayeijua kanuni na haipigii kelele.

Miezi sita ya majaribio haipo. Sheria ya Mikataba ya Kazi ya China, ya 2008, inasema mkataba wa mwaka mmoja hadi chini ya miaka mitatu, majaribio yasizidi miezi miwili. Miezi sita ni ya mkataba wa miaka mitatu na kuendelea. Kwa hiyo wakupe miaka mitatu, au wapunguze majaribio. Na ndani ya majaribio mshahara usishuke chini ya asilimia 80 ya ule wa mkataba.

Ile faini ya 50,000 nayo inatia mashaka. Sheria hiyo hiyo inamruhusu mwajiri kumwekea mfanyakazi faini ya namna hiyo katika mambo mawili tu: kama amemlipia mafunzo maalumu, au kama wamekubaliana asiende kwa mshindani na siri za kampuni. Kuacha kazi tu si mojawapo. Omba kifungu kitolewe, au kiandikwe ni mafunzo gani na yamegharimu kiasi gani. Wakikataa kabisa, utakuwa umeshawajua kabla hawajakujua.

Nyongeza ndogo: pasipoti yako haikai kwenye droo ya mtu. Watakapoipeleka kwa maombi watakupa risiti ya polisi wa uhamiaji, baada ya hapo inarudi mkononi. Na mkataba ukiwa wa lugha mbili, soma ule wa Kichina, maana kwa kawaida ndio unaoshinda. Umekaa miaka mitatu, Kichina chako kinatosha. Usipoelewa neno, muulize mwenzako wa maabara, sio mtu wa kampuni.

Tarehe sasa. Tarehe 15 Julai haikusubiri. Mchakato una hatua mbili: kampuni inaomba kibali cha kazi kwa ofisi ya jiji inayoshughulikia wataalamu wa kigeni, kikitoka unakwenda kwa polisi wa uhamiaji kubadilisha ukaazi wa masomo uwe wa kazi. Katikati kuna vipimo vya afya na cheti cha kutokuwa na rekodi ya uhalifu. Cheti cha shahada kikichelewa hata wiki moja, mstari wote unachelewa. Nenda leo ofisi ya wanafunzi wa kigeni, uliza tarehe ya cheti, na uliza kibali cha kukaa cha muda mfupi kwa wanaosubiri. Usivushe hata siku moja, maana kila siku ya kupitiliza ni yuan 500 hadi zifike 10,000. Utatumiwa pia video za viza mpya ya K ya vijana wa sayansi iliyoanza Oktoba 2025. Wewe una mwajiri mkononi, usibadilishe njia katikati ya mto.

Najua unapiga hesabu. Kwenye 7,500, ukitoa bima ya jamii (mgeni aliyeajiriwa naye anakatwa) na kodi, ambayo inaanza baada ya 5,000 za kwanza, utabaki na 6,600 hivi. Toa chumba, toa chakula, toa nauli na simu, ukiishi kama mwanafunzi hukosi 2,000 za kutuma nyumbani. Hizo ni kama shilingi laki saba. Mama mdogo unammaliza ndani ya miezi mitano. Na ile sehemu yako ya pensheni uliyokatwa, siku ukiondoka China moja kwa moja unaruhusiwa kuiomba. Wengi wetu hatukuambiwa, tukaiacha.

Kaka yako nisimseme vibaya, anakupenda. Ila watu wa pwani popote duniani ni wale wale: wakishaiona bahari wanadhani bara kuna nyani tu. Guangzhou ni jiji la pesa, kweli. Wenzetu wamejaa mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli, na mfanyabiashara wa Kariakoo akishuka kwenye ndege anajua wakala wa kumfuata. Lakini hesabu ni wakala wangapi wanaosubiri mzigo wa yule yule mteja mmoja. Wewe na uhandisi wako utakwenda kupima ujazo wa maboksi na kugombana kuhusu mzigo uliolowana? Isitoshe, atakuwekea kibali gani? Hilo hakulisema, na nina hakika hukumuuliza. Tangu Desemba 2009 treni ya mwendo kasi inatoka Changsha hadi Guangzhou, safari ya kama saa mbili na nusu. Ukitaka kula ugali wa kaka, panda Jumamosi, rudi Jumapili.

Alichokosea ni kudhani mambo ya Afrika yanaishia pwani. Wewe uko Changsha, uulize mji wako mwenyewe. Maonyesho ya uchumi na biashara kati ya China na Afrika yalianza hapo Juni 2019, na yanafanyika hapo hapo kila baada ya miaka miwili. Ya nne yalikuwa Juni 2025. Mwaka huo wa 2019 zilianza ndege za moja kwa moja kati ya Changsha na Nairobi. Nenda Soko la Gaoqiao, wilaya ya Yuhua, kama hujawahi kufika, na usiende kama mtalii. Kuna kahawa, ufuta, kakao na viungo vya Afrika, na nyuma ya meza nyingi utamkuta Mchina ambaye hajawahi kukanyaga shamba la kahawa, anamweleza Mchina mwenzake habari za Ethiopia. Mzigo mzito wa Hunan nao una njia yake: treni mpaka bandari za Guangdong, kisha meli hadi kwetu.

Halafu kuna mashine zenyewe. Zoomlion makao yake makuu ni Changsha, na Sany ina viwanda vikubwa hapo hapo. Vijiko, kreni, pampu za zege. Pita eneo lolote la ujenzi Dodoma utaona majina hayo. Nitakusimulia niliyoyaona mwenyewe. Miaka michache iliyopita mkandarasi mmoja wa Mbeya alikuwa na kijiko kilicholala miezi miwili kwa ajili ya sili ya silinda, kitu cha kushika mkononi. Fundi alijua tatizo vizuri sana, kwa Kiswahili. Kiwanda kilikuwa na kifaa stoo. Katikati yao walikaa watu wanne wakitumiana picha zenye giza, na mara mbili ikaja sili ambayo siyo. Mkandarasi alikuwa anawalipa vibarua wamekaa. Mtu aliyemaliza kesi alikuwa kijana wa Kitanzania aliyesoma China, kwa simu ya dakika kumi na moja: alimsikiliza fundi, akasoma namba kwenye kitabu cha Kichina, akamwambia mtu wa stoo aingie rafu ya pili.

Jembe la siku ya tatu ndilo hilo. Jessica hana. Kaka hana. Wewe ukikaa miaka miwili kwenye kampuni hiyo, ukashika spea, ukashika vitabu vya mashine, ukakaa na mafundi wa karakana mpaka uwaelewe hata wakiongea kile Kichangsha chao kisichofanana na Kichina cha darasani, utakuwa nalo. Mwaka 2027, kama maonyesho yatafuata ratiba yake, utakuwa upande wa ndani wa meza. Na ile ahadi ya kupelekwa Dar, iombe iandikwe kwenye mkataba, au angalau kwenye barua pepe. "Huenda" ya mdomoni haiuziki. Vyeti vyako navyo vipeleke Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) vitambuliwe, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi uijue mapema, ili siku ya kurudi usianze kukimbizana na mihuri.

Usitarajie raha, lakini. Miji ya bara inachosha kwa namna yake. Ukiumwa, daktari hajui Kiingereza. Mwenye nyumba atakataa kukupangisha kwa sababu hajui kusajili mgeni polisi, au kwa sababu nyingine ambayo hataisema. Utakuwa peke yako kwenye mkutano, na mtu atakuita "mrembo wa Afrika" mbele ya mteja ili wacheke. Kuna siku utajibu, kuna siku utanyamaza, na zote mbili zitakuuma. Tafuta Watanzania wenzako hata kama ni watano, mpike pamoja.

Limebaki la mama.

Usimwambie "sirudi." Mwambie unarudi lini na ukiwa nani. Maparachichi yake nayo yasibaki kama wimbo wa kukuvuta nyumbani, yafanye kazi. China ilisaini na Tanzania makubaliano ya maparachichi mabichi Novemba 2022, Rais Samia alipokwenda Beijing. Tangu tarehe 1 Desemba 2024 bidhaa za nchi zenye maendeleo duni, na sisi tumo, zinaingia huko bila ushuru. Na Juni 2025, hapo hapo Changsha, China ikatangaza nia ya kuufikisha mpango huo kwa nchi 53 za Afrika. Usikurupuke lakini ukaanza kutafuta kontena. Shamba na kiwanda cha kufungasha lazima vyote viwe vimesajiliwa na forodha ya China, na ekari mbili haziwezi kusimama peke yake. Wachina wenyewe wanalima maparachichi Menglian, mkoani Yunnan, kwa hiyo bei haitakungoja. Kwa sasa muulize mama maswali matatu: miti yake ni ya aina ya Hass? Kuna ushirika au kampuni ya kufungasha iliyosajiliwa karibu naye? Nani anamnunulia, na kwa bei gani kilo? Aandike kwenye daftari. Wewe Jumapili moja nenda soko la matunda la Changsha, angalia parachichi limeandikwa limetoka wapi na linauzwa bei gani, mtumie picha. Nakuhakikishia hiyo simu itakuwa ndefu kuliko zote mlizowahi kupigiana, na hamtaongelea kurudi.

Kwa yule mama wa chekechea andika sentensi mbili tu: kwamba kibali chako hakiruhusu kazi hiyo, na kwamba huji tena. Usiweke Jessica chini. Weka jina lako.

Zile 1,200 umeshazituma, usimwombe mdogo wako azirudishe. Mtoto wa watu ataanza chuo.

Ukishaongea na ofisa rasilimali watu, niandikie alisemaje kuhusu mshahara. Nataka kujua kama aliongeza.

Anti